Kilo Kumi na Tisa

Goma, kartie Majengo, tarehe 6 Julai 2025

Yaya Annonciata, dada yangu mukubwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na wewe uitikie huko uliko hata kama masikio yangu hayatafika. Sisi hapa tunaamka, tunaangaliana nani yupo, kisha tunamushukuru Mungu. Magoti yako yanasemaje? Mama Munguakonkwa, ule wa kuleta vitenge toka Kampala, ndiye anabeba barua hii. Amesema kule kambini Nakivale anapita kwako pale anapolala kwa mukwe wake. Mupe chai, ni mutu muzuri ingawa anaongea kupita redio.

Mujukuu wako Deborah ameng'oka meno mawili ya mbele. Anacheka amefunika kinywa na mukono, sawa vile baba yake alikuwa anafanya. Kifua chake kinambana siku za vumbi, lakini dawa ya kupuliza tunaipata. Mukamwana wako Rosette anaishi palepale Murara, amekonda, anasali.

Usine, kiwanda chetu cha kahawa, imefungua tena tangu Mei. Wanawake wa kuchagua kahawa wamerudi, si wote. Na mimi nimerudi kwa meza yangu. Unajua masomo yangu yaliishia ya ine sekondari, lakini Patro Mulumeoderhwa, mwenye usine, aliniweka pale kwa sababu nilikuwa najua nani ameoa nani na mutoto wa nani anakohoa. Wananiita Mama Sosiali. Kila mufanyakazi ana fishi, karatasi yake: picha, bibi ao bwana, watoto. Mutu akigonjwa nachungulia fishi, namuandikia bon, cheti cha matibabu, anaenda santre ya afya, usine inalipa. Mutu akifa, usine inatoa sanduku, gari, na viti vya matanga, kisha bibi na watoto wanabaki na bon miaka tatu. Mutu akiacha kazi, fishi inapasuliwa. Masharti haya niliyatunga mimi na Patro tukiwa tumekaa mbele ya sahani ya ndizi, na nilijivuna, Mungu anisamehe.

Sasa fishi zote zilipotea ile wiki ya vita ya Januari. Naziandika upya kwa kichwa. Watu mia moja na ine. Nafunga macho, naona nyumba, nahesabu watoto mulangoni. Kuna siku naandika mutoto, kisha nakumbuka huyu tulimuzika.

Patro amenipa karatasi kubwa yenye kolone tatu, safu za kushuka: Anafanya. Ameacha. Amekufa. Anataka kila jina liingie mahali. Yaya, sijui Valentin wako nimuweke wapi. Kama nilivyokuambia, siku ile alitoka kutafuta maji sawa watu wote, na hakurudi. Tumeuliza kila mahali pa kuulizia. Wewe ni mama yake. Uniambie.

Kitu kingine ni kidogo tu. Ile mizani yake ya kupimia magunia, tangu tumerudi haitaki kurudi kwa sifuri. Hakuna kitu juu yake, na mushale unasimama kwa kumi na tisa. Fundi amefungua, amefunga, amesema chuma ni kizima. Wanawake hawapendi kupita pale. Na kiti chake hakuna anayekikalia.

Niombee. Mudogo wako,
Dancille


Nakivale, tarehe 2 Agosti 2025

Mudogo wangu Dancille,

Milele amina. Barua yako niliipokea, na Mama Munguakonkwa alikunywa chai vikombe vine. Magoti yangu ni yale ya muzee, lakini yanainama bado mbele ya Mungu. Mahindi yametoka vizuri kule kwa kipande cha juu, kule chini nyani wamekula. Wenzetu wa Masisi walio hapa wanakusalimia. Tulimuzika muzee wa jirani juma lililopita, alitaka azikwe akiangalia upande wa kwetu. Tukabishana upande wa kwetu ni upi.

Najua unajiuliza kwa nini sipokei telefone. Imezimika. Nimeifunga ndani ya kitenge, iko chini ya godoro. Usinipigie. Uniandikie tu, karatasi haishtui mutu.

Juu ya Valentin. Unasema kolone tatu. Mimi nilizaa mutoto mumoja na Mungu alimupa jina moja, hakumupa kolone. Hajaacha kazi. Valentin aliipenda kazi ile, alikuwa anabeba kuku anakuambia kilo zake bila kukosea, hata mimi alikuwa ananinyanyua jikoni anasema, "Mama, umepunguka kilo mbili, unakula nini?" Na hujanionyesha kaburi. Basi ongeza kolone ya ine. Wewe ndiye mwenye kalamu.

Unaandika alitoka kutafuta maji. Alibeba bidon gani ya kuchotea? Ile ya manjano yenye kamba, ao nyingine?

Ubusu Deborah kwa yale mapengo.
Yaya yako,
Annonciata


Goma, tarehe 31 Agosti 2025

Yaya,

Nakuletea salamu za amani toka nyumba hii hadi kwako. Tumepata mvua ya kwanza, mabati yaliimba siku nzima. Deborah anaanza darasa la pili kesho. Mutoto mudogo wa Rosette anasimama akishika ukuta. Parokia imetengeneza kengele.

Nilifanya vile ulisema. Nilichora kolone ya ine kwa rula, nikaandika juu: Anangojewa. Nikaingiza watu nane. Kisha nikapeleka kwa Patro kule biro, ofisini kwake.

Akaangalia. "Mama Sosiali, hii ya ine umeitoa wapi?"

"Kwa yaya yangu, Patro."

"Yaya yako ni mukubwa wa usine gani?"

"Analima mahindi Nakivale."

Akacheka. "Ah, kumbe. Sasa tunaongozwa na mahindi." Kisha akaacha kucheka. "Uniambie basi. Mutu anayengojewa ni mufanyakazi, ao si mufanyakazi?"

Nikamwambia, "Patro, ukienda Kampala juma mbili, Madamu wako anakuweka kolone gani?"

Sekretere akainama chini ya meza akijifanya anatafuta kalamu. Patro mwenyewe alishika tumbo. Lakini yeye ni mutu wa biashara, Yaya, si mubaya. Akasema familia za wanaongojewa watakula bon, sawa, ila mwaka ukitimia tarehe 27 Januari, kolone ya ine anataka kuiona iko tupu. "Usine inaweza kutunza mugonjwa, inaweza kutunza mujane. Kungoja hakuna mwisho, Mama. Nitakitunza vipi kitu kisicho na mwisho?"

Tukaita mukutano wa wafanyakazi. Walibishana juu ya karatasi ya kifo. Masharti yangu yanasema bila karatasi ya hospitali hakuna kitu. Mama Mukashyaka, ule wa kuchagua tangu zamani, akasimama na ungo wake mukononi: "Dancille, haya masharti uliyaandika watu wakifia kitandani. Mwenye hana maiti atuletee nini, kiatu?" Hakuna aliyecheka. Basi tukakubaliana: bila maiti, mama ao baba wa mutu atie saini, pamoja na bibi yake, Padri akiwa shahidi. Saini hiyo itatosha. Mwaka ukitimia bila saini, jina litaenda kwa "Ameacha", na fishi itapasuliwa.

Unaelewa sasa ninachokuomba, na siwezi kukiomba. Dawa ya kifua ya Deborah iko ndani ya fishi ile.

Nimewapa zile familia nane bon tatu tatu zilizosainiwa mapema, ili wasije kusimama mbele ya meza yangu kila mara wakitazamwa.

Mushale bado uko kumi na tisa. Tumezoea kuufunika na kitambaa.

Dancille


Goma, tarehe 21 Septemba 2025

Yaya, Yaya wangu,

Leo sisalimii vizuri, unisamehe, wote tuko wazima. Sikungoja jibu lako. Kaa chini kwanza.

Kila mwezi santre inanirudishia zile bon zilizotumika, nazilinganisha na fishi. Siku ya ijumaa niko nasoma, maleria, maleria, mimba, kidonda, na nakuta jina lake. Valentin, miaka 31, maleria, tarehe 9 Septemba. Septemba hii, Yaya. Niliweka karatasi chini, nikaichukua tena.

Nilikimbia santre na miguu. Infirmie, muuguzi wa pale, anakumbuka: "Ndiyo, mwanaume murefu, hasemi mingi, alikuwa amefunika kichwa na koti. Nilimuita jina mara tatu ndipo akaitika."

Nikaenda kwa Rosette. Nilimuuliza, "Ulimuona?" Akatazama chini, akashika pindo la kitenge, akasema, "Mama, usiniulize." Nikaelewa. Yuko mahali, amejificha, anaogopa, na Rosette anamulinda. Nani angemulaumu kwa siku hizi? Sikumushindilia. Nilirudi nikiimba Magnifikat njia nzima, watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wakidhani nimekunywa.

Jumamosi nilikuwa peke yangu usine, nilikaa kwa kiti chake. Nikasema kwa sauti, "Valentin, kama uko hapa, gonga." Sijui nilitaka agonge nini. Nyuma ya magunia kitu kilidondoka. Ilikuwa ufagio.

Mushukuru Mungu pamoja nami.
Dancille


Nakivale, tarehe 12 Oktoba 2025

Mudogo wangu,

Barua zako mbili zilifika pamoja, ile ya masharti na ile ya furaha. Nilizisoma kwa mupangilio wa tarehe. Hapa tuko salama, tumevuna, tumepanda tena. Katekista wetu amepata mapacha, mama yao amewaita Isaka na Ismaeli, tukamwambia ataona shida.

Ile ya furaha niliisoma kisha nikapiga magoti. Rozari ilinishinda kwa fumbo la pili. Dancille, sikucheka. Usinikasirikie. Majirani walikuja kupiga vigelegele juu Mama Munguakonkwa hajui kunyamaza, na mimi niliwapikia, nikawahudumia, nikaosha sahani. Moyo haukutoka mahali pake.

Nenda umuone na macho yako. Umushike. Kama ni yeye, atakuambia kilo zako.

Kuna kitu nilikuuliza mwezi wa nane na hujanijibu. Bidon. Hapa Nakivale nina wakati mwingi wa kungoja jibu.

Annonciata


Goma, tarehe 7 Desemba 2025

Yaya Annonciata,

Amani ya Majilio iwe kwako. Ni zaidi ya miezi miwili sijakuandikia. Mama Munguakonkwa alipita mara mbili na nilimwambia sina karatasi. Karatasi ilikuwepo.

Rosette muzima, watoto wazima. Deborah alibanwa sana mwezi uliopita, siku ya jumatano misa ilipokwisha. Jirani yao Evariste, ule wa kupasua mawe ya volkano, alimubeba mugongoni akakimbia naye hadi santre. Alipona. Nilikwenda kumushukuru yule mutu. Ni murefu, Yaya. Hasemi mingi. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwa musumari mulangoni.

Nikasimama pale nikalitazama lile koti, na yeye akanitazama nikitazama. Akasema, "Mama, nilikuwa nangoja siku utakuja."

Ni yeye aliyetumia ile bon. Maleria ilimushika Septemba, hana ndugu, hana kazi yenye fishi. Rosette alikuwa na bon tatu zangu zilizosainiwa mapema. Akamwambia, "Nenda na jina la bwana yangu."

Nilitoka pale na hasira ya kuchoma nyumba. Nikamukuta Rosette anatwanga majani ya sombe. "Umetufanyia nini? Unajua nimemuandikia mama yake? Unajua majirani wake wamepiga vigelegele?"

Hakuacha kutwanga. "Nilitaka kukuambia siku ile. Ulikuwa umeng'aa uso. Nani angezima?"

"Jina la mutu, Rosette! Jina la mutu anayengojewa!"

Ndipo akaweka muti wa kutwangia chini. "Mama, jina lilikuwa limekaa bure. Hakuna aliyekuwa analiita tena. Evariste anatuchotea maji tangu Februari bila kuomba kitu. Nilisema, acha basi jina limuponyeshe mutu."

Kwa masharti yangu, anayeazimisha bon anapoteza fishi. Niliandika mimi mwenyewe, mustari wa tisa. Na Evariste aliniambia jambo moja ambalo linanifuata mpaka kanisani: "Pale infirmie aliita Valentin, niliogopa kuitika. Niliona sawa mutu mwingine anasimama nyuma yangu. Nilimuachia nafasi kwanza."

Sasa bidon.

Hapakuwa na bidon, Yaya. Hakutoka kutafuta maji. Nilidanganya wewe, Rosette, Patro, na Padri kwa kitubio nilisema tu "nilidanganya" bila kusema nini.

Asubuhi ile mizinga ilikuwa inalia tangu usiku, wote tumejazana kwangu Majengo, tumelala chini. Mimi nikaanza kulia juu ya kasha la fishi. Lilibaki biro ya Himbi. Nilisema, watavunja, watachoma, na watu wangu wote watapotea, nani atajua mutoto wa nani ana haki ya nini. Nililia sawa mama anayelilia watoto. Kulikuwa na utulivu kidogo, kama nusu saa, Rosette na watoto wamesinzia chumba cha ndani. Valentin akasema, "Mama mudogo, niende?" Mutu mwenye akili angesema hapana. Nilimwambia, "Ukimbie. Pitia njia ya chini." Nikamupa ufunguo. Nikamupa ufunguo na mukono huu ninaoandika nao.

Karatasi, Yaya. Watu mia na ine niliwaandika tena kwa kichwa ndani ya mwezi mumoja. Sikuhitaji kasha. Sijui hata kama alifika.

Kwa hiyo usine nzima inaniita Mama Sosiali, wananishukuru kwa kolone ya ine, na mimi nikiona ule mushale nafunga macho. Nilitaka awe anangojewa, juu mutu anayengojewa hakuna aliyemuua.

Tarehe 27 Januari inakuja. Usitie saini juu yangu, wala usikatae juu yangu. Fikiri Deborah.

Sijui nimalizie vipi.
Dancille


Nakivale, tarehe 4 Januari 2026

Dancille, mutoto wa mama yangu,

Mwaka umefunguka. Nakusalimia wewe na wote wa mulango wako. Sitaandika juu ya mahindi leo.

Nilijua.

Nilijua tangu siku ile ile. Valentin alinitumia sauti kwa telefone, na ile laini yake ya Rwanda. Ilikuwa saa sita ya muchana, mimi nilikuwa shambani, telefone iko nyumbani. Niliikuta jioni. Ndani yake anasema wewe umemutuma. Nikaisikiliza mara nyingi, kisha nikaona umeme unaisha, nikaogopa telefone itakufa na sauti itaenda nayo, ao mutoto ataigusa aifute. Nikaizima. Nikaifunga kwa kitenge. Tangu hapo sijaiwasha.

Nilikukasirikia miezi kumi na moja. Nataka ujue, sitaki kujifanya mutakatifu. Ulipoandika maji, nilitema mate chini. Nilikuuliza bidon juu nilitaka utoe wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Ulipoandika yule mugonjwa wa maleria, nilijua si yeye. Mutoto wangu angekuwa hai angenitumia neno hata kwa mukono wa mutu.

Kisha barua yako ya Desemba ilikuja, nikaisoma, na mahali pa hasira sikukuta kitu. Nilitafuta. Nilikumbuka mama alivyokuwa anakutuma kisimani ukiwa na miaka sita, nami nasema, "Atatumbukia," mama anasema, "Nani mwingine nimutume?" Nilikuwa nakufuata nyuma bila wewe kuniona. Safari hii sikuwa nyuma.

Mama Munguakonkwa anakuletea vitu viwili. Kimoja ni saini yangu, katekista na Padri wa hapa wameshuhudia. Andika amekufa. Usimpe sekretere, andika wewe, na mukono ule ule uliotoa ufunguo. Si azabu. Ni juu hakuna mukono mwingine ninaotaka.

Cha pili ni telefone. Iwashe, usikilize. Haifai niibebe peke yangu. Usifute kitu.

Rosette usimupasulie fishi. Bwana yake alikuwa anapima kilo za watu, anajua nani mwepesi.

Yaya yako,
Annonciata


Goma, tarehe 1 Februari 2026

Yaya wangu,

Kwako wewe uliyenibeba mugongoni, salamu za mutu aliyeshushwa muzigo na bado anasikia uzito wake. Watoto wazima. Deborah ameota meno, makubwa, yamempita uso.

Telefone ilifika ndani ya kitenge chake. Niliichaji siku mbili, naizunguka sawa paka. Siku ya tatu, mbele ya kwenda kazini, nilimuita Rosette, tukakaa, tukawasha.

Unaijua, lakini acha niiandike, nataka iwe pia kwa karatasi. "Mama, ni mimi. Usiogope. Mama mudogo amenituma biro, niko Himbi, kasha ninalo. Alilia sana, nikamuonea huruma. Nimelinyanyua sasa hivi. Ukisikia wanasema usine yetu ni kubwa, wanadanganya. Batu bote, na babibi, na batoto, ni kilo kumi na tisa tu." Kisha anacheka. Kisha kuna ule mulio wa muzinga. Kisha anasema, "Ngoja kwanza."

Rosette aliniangalia. Yule fundi alifungua mizani mara tatu, Yaya.

Tarehe 27 tulifanya misa. Padri alisoma majina nane. Familia tano zilitia saini, tatu zilikataa. Niliandika Valentin kwa kolone ya tatu, mustari wa kumi na mbili, na mukono wangu wa kuume, ule wa ufunguo. Sanduku hatukuomba. Viti na mahema usine ilileta, tukakaa siku moja, wanawake wa kuchagua walikuja na nguo zao za kazi. Nilisimama mbele yao wote nikasema nani alimutuma. Mama Mukashyaka ndiye alikuja kwanza. Hakunikumbatia. Aliniketisha, akaniletea maji, akasimama karibu yangu mpaka watu walipotoka.

Wale watatu wa familia zilizokataa, niliwaacha kwa kolone ya ine. Patro alifika pale, akaona si tupu. Akaangalia dirishani kidogo, akageuza ukurasa.

Rosette ana bon zake miaka tatu. Ule mustari wa tisa niliufuta, na wafanyakazi wamekubali kitu kipya: chini ya kila fishi kuna nafasi ya mutu mumoja asiye wa damu. Rosette aliandika Evariste. Juzi alikuwa na kidonda cha nyundo, ameenda santre, wamemuita kwa jina lake, ameitika mara ya kwanza.

Patro anataka kununua mizani mingine. Wanawake wamekataa, si mimi. Wameondoa kitambaa. Sasa gunia likipimwa, yule anayeandika anasema kwa sauti, "Toa kumi na tisa," na wengine wanaitikia, kisha anaandika inayobaki.

Telefone inarudi kwako na Mama Munguakonkwa, imejaa umeme. Sikufuta kitu.

Mudogo wako,
Dancille


Nakivale, tarehe 22 Februari 2026

Dancille,

Imefika. Nimeiweka juu ya meza, imewaka, iko mbele yangu hapa ninapoandika.

Nipigie.

Annonciata